Waliompa Radi Kisogo

Radi hakuwa mtu wa kukaa. Ukimpa kiti alikigusa tu kwa heshima yako, kisha ungemkuta dirishani, mlangoni, au anapanga upya vikombe vyako kabatini bila kuombwa. Marehemu mama yake alikuwa akisema binti huyu kazaliwa na safari. Kwenye kiwanda cha mashati walimpa kushona kola, kazi ya kuketi kutwa, na msimamizi akaona ajabu ya mwaka: mtu anashona kasimama nusu, goti moja juu ya kiti, mguu wa pili kwenye pedali, kama anataka kuiendesha cherehani aende nayo nyumbani. Alimfokea mwezi mzima, akachoka. Kola zake zilinyooka kuliko za wote.

Jina la Radi alilipata ukumbini. Siku za kazi alikuwa mshona kola; Jumamosi alasiri alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki iliyovuma kuliko zote mjini, koti la ngozi mwilini, na sauti iliyoanzia chini kama ya mtu anayekoroma, ikapanda, ikapasua. Aliyemtia kwenye roki ni kaka yake. Wazazi wao walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, Radi akiwa na miaka kumi na Kaka ishirini. Kaka alikuwa fundi redio. Alimlea mdogo wake katika chumba kimoja kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo, akampikia, akamsuka nywele vibaya, akampeleka shule, na jioni akamfundisha kuimba huku mwenyewe akipiga gitaa alilolichonga kwa mbao za kitanda. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema hao wawili walikuwa na bendi, elewa kwamba bendi hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Nyingine hawakuwa nayo.

Wimbo uliowatoa uliitwa "Kola". Maneno ya Radi, gitaa la Kaka. Ulihusu wanawake wa kiwandani, migongo yao, macho yao, vidole vyao vilivyotobolewa na sindano. Ulikwenda dakika saba, na tatu kati ya hizo ni gitaa la Kaka peke yake, amefumba macho, gitaa linalia mpaka unataka kuuliza nani amefariki. Wanaume walisimama mbele, mikono wamekunja kifuani, vichwa vinaitikia taratibu, kama wajumbe wa kamati wanaopitisha hoja. Wanawake walikaa nyuma, kwenye mabenchi ya ukutani. Ndivyo roki ilivyosikilizwa pale. Hakuna aliyeitunga desturi hiyo na hakuna aliyeiulizia. Wifi yake Radi, mke wa Kaka, alikaa huko nyuma kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, akipiga makofi kila wimbo ulipokwisha. Naye alikuwa mshonaji palepale kiwandani, upande wa vifungo.

Radi aliamini kwa moyo mweupe kwamba anawaimbia hao wa nyuma. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na anayeweza kumcheka ni yule tu ambaye hajawahi kusifiwa. Sisi wengine tunyamaze.

Mwaka aliotimiza thelathini na mmoja koo lilimvimba, daktari akamwandikia siku saba za kukaa kimya nyumbani. Radi akae, tena kimya, tena siku saba! Alijitahidi nne. Ya tano alikwenda kiwandani saa sita na nusu, wakati wa mapumziko, akapanda ngazi za nyuma zinazotokea chumba cha kukatia vitambaa, kwa nia ya kuwashtua wenzake.

Aliyeshtuka ni yeye. Meza za kukatia zilikuwa zimesukumwa ukutani. Juu ya rundo la vitambaa redio ilikuwa inapiga disko, ule muziki ambao Kaka aliuita muziki wa kuuzia sabuni, na katikati ya chumba wanawake kama arobaini walikuwa wamejipanga mistari miwili wanacheza. Hatua nne kulia, nne kushoto, wakageuka wote kwa pamoja, aproni zikapaa. Mama wa pasi, ambaye miguu ilimsumbua tangu Radi alipomjua, alikuwa mstari wa mbele, na miguu haikuwa na habari ya ugonjwa wowote. Aliyekuwa akiwaongoza, akiwahesabia kwa sauti, kilemba kimefunguka, jasho linamtiririka, alikuwa wifi yake. Radi alikuwa hajawahi kumwona mwanamke huyo akitoka jasho kwa raha.

Mtu mmoja akamwona mlangoni. Redio ikazimwa, mistari ikavunjika. Ndipo likatokea jambo ambalo Radi hakulisahau maisha yake yote: mama wa pasi aliukimbilia mkoba wake, akatoa kaseti, akaichomeka. "Kola" ikaanza. Na wote arobaini, bila kuambizana, wakakaa chini, wakaweka mikono mapajani, wakavaa nyuso za msibani.

"Karibu, mwanangu," mama wa pasi akasema akihema. "Tulikuwa tunakusikiliza wewe hapa."

Radi akaisikiliza sauti yake mwenyewe ikilia kwa niaba ya watu ambao dakika moja iliyopita hawakuwa na habari ya kulia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na wimbo ukaenda dakika zake zote saba, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuzima.

Kengele ilipolia akamvuta wifi yake kwenye stoo ya nyuzi.

"Wifi, niambie ukweli. 'Kola' mnaipenda?"

"Tunaiheshimu."

"Sijauliza kuheshimu."

Wifi alijifunga kilemba upya, polepole, akitafuta maneno. "Usikasirike, wifi yangu. Ule wimbo unatuambia tumechoka. Sasa sisi si tunajua tumechoka? Tukimaliza kuusikiliza tunakuwa tumechoka mara mbili."

"Miaka yote hii mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Tungekwambiaje? Wewe unaimba mishipa ya shingo imekutoka, kaka yako kafumba macho na gitaa lake. Nani angesimama aseme, jamani, huu wimbo hauchezeki?"

Tangu siku hiyo utulivu mdogo aliokuwa nao Radi ulimhama. Akitoka kazini alitembea. Alipita mtaa wa wauza viatu, akazunguka sokoni, akarudi njia ileile, akapita tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kinyozi wa kona, aliyekuwa mkuu wa mashabiki wake na mwenye picha yake juu ya kioo, alimwona mara tatu alasiri moja akamuuliza kama amepoteza ufunguo. Hakupoteza kitu. Kichwani mwake kulikuwa na wanawake arobaini wanaokaa chini, na kila alipowasimamisha, wanakaa tena.

Wiki ya tatu, akiwa kwenye cherehani, wimbo ukamjia. Aliuandika nyuma ya karatasi ya kukatia kola. Hakukuwa na machozi ndani yake, wala vidole vilivyotobolewa. Kulikuwa na viatu, na mlango uliofunguliwa, na mtu anayekwenda hatua nne kulia bila kuomba ruhusa. Nyimbo za roki zilimchukua mwezi kuziandika. Huu uliisha kabla ya mapumziko, na hilo lilimtia hofu.

Mashabiki hakuwaogopa sana. Alimwogopa Kaka, au niseme sawasawa: aliogopa Kaka atamwambia nenda, na yeye ataenda kweli. Maana wimbo alishakuwa nao, na asingeweza kuurudisha ulikotoka.

Alimkuta kwenye karakana yake, ameinamia amplifaya ya bendi, anachomelea waya. Radi alimwimbia palepale, akipiga mapigo kwa kiganja juu ya kopo la misumari. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Hilo lazima tumpe. Kisha akaweka chini chombo chake cha kuchomelea.

"Mdogo wangu, wewe kutwa nzima unapelekeshwa na mashine. Dum, dum, dum, dum. Ukitoka hapo unataka mashine nyingine ikupeleke? Roki ndiyo mahali pekee mtu anaweza kuiambia mashine inyamaze."

Ilikuwa hoja nzuri. Radi alikuwa ameiogopa tangu njiani, kwa kuwa yeye mwenyewe alishawahi kuisema redioni, akapigiwa makofi.

"Wanawake hawachezi kwetu, Kaka. Miaka kumi na miwili, hakuna hata mmoja aliyesimama."

"Wanasikiliza."

"Wanatuvumilia."

"Nani kakwambia?"

Hapo alikuwa na mtu wa kumtaja, akammeza. Mambo ya mtu na mke wake hayaingiliwi na wifi. "Nimeona mwenyewe," akasema.

"Haya. Na gitaa langu linaingia wapi humo?"

Radi alikuwa anazunguka karakana, anagusa kila kitu. "Linaingia. Ila si la kulia. La kukwaruza kidogokidogo, kama mtu anafagia."

Neno lilipotoka alilijutia, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kaka alikitazama kile kitu mkononi mwake, ambacho kilikuwa kimeanza kupoa.

"Mimi sifagii," akasema. "Nenda kaimbe, sikuzuii. Ila mimi usinihesabu."

Na yeye akaenda kweli.

Walirekodi asubuhi moja kwenye studio ya chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mpiga ngoma wa bendi alikuja, akisema yeye atapiga chochote alimradi kiti kiwe na mgongo; wa gitaa alikuwa kijana wa kukodi, mpole, anafagia vizuri kabisa. Baada ya saa mbili tu, kazi ikaisha. Mara mbili Radi alikosea kuingia kwa sababu aligeuka kushoto kumtazama Kaka ili apewe ishara, akakutana na mtu asiyemjua anayemtabasamia. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, akiwa amekasirika na hajui amkasirikie nani.

Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, mji uligawanyika. Kinyozi aliitoa ile picha juu ya kioo akabakiza msumari, na kila mteja aliyeuliza alihutubiwa mpaka anamaliza kunyolewa. Mtu akaandika MSALITI kwenye ukuta wa kiwanda kwa herufi ndefu kuliko msimamizi. Zikapakwa rangi, zikaonekana kwa chini. Mwingine alimtumia kifurushi cha kaseti ya "Kola", utepe wote umevutwa nje. Msikilizaji mmoja aliandikia redio kwamba alimpa binti yake jina la Radi, na sasa anaomba idhaa imshauri afanye nini na mtoto. Wengi walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakijua kabisa mwenzao ni mshona nguo, na wakajiona wajanja sana.

Upande wa pili, wanawake wasiomjua walimsimamisha barabarani wakamshika mikono yote miwili, wasiseme kitu, wakacheka. Radi alifurahi. Halafu alikumbuka karakana, furaha ikaingia mchanga.

Onyesho la kwanza la wimbo huo, na nyingine mpya alizoandika baadaye, lilipangwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Kinyozi alitangaza kwamba hawatasusa. Kususa ni kwa watoto. Watalipa, wataingia, watasimama mbele kama kawaida yao, na disko ikianza tu, watageuka wote wampe kisogo mpaka mwisho. Kufika Alhamisi mji mzima ulijua.

"Kaka naye?" Radi alimuuliza wifi yake kiwandani.

"Hasemi. Anakula, anasema asante, anatoka. Mimi mwenyewe naishi na redio iliyozimwa."

Jumamosi, saa saba mchana, Radi alifika ukumbini akamkuta Kaka amepiga magoti jukwaani, amevaa ovaroli, anatandaza waya.

"Umekuja!"

"Nimekuja kufunga umeme," Kaka akasema bila kuinua kichwa. "Hao watu wako wataunganisha ovyo wakuue. Umeme haujui roki wala disko."

Alifunga spika, akajaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili. Alimwekea waya mrefu mara mbili ya ule wa kawaida, kwa kuwa alimjua hasimami mahali pamoja, akaubana sakafuni kwa utepe wa gundi kila hatua asije akajikwaa. Radi alimfuata huku na huku akisubiri neno. Kaka alimaliza, akanawa mikono, akashuka jukwaani, akaenda kusimama mstari wa mbele ubavuni mwa kinyozi, na kukunja mikono kifuani.

Pigo la kwanza lilipolia, waligeuka. Wanaume mia mbili na ushei, kwa mara moja. Kumbe mtu anaweza kuambiwa jambo wiki nzima na bado likamkata siku ya siku. Radi aliiona migongo ile ya makoti ya ngozi, akaujua mmoja bila kuutafuta, wa ovaroli, mgongo uliombeba kwenda shule barabara zilipojaa maji. Alipiga moyo konde, akaendelea kuimba.

Sasa, wanaume wale walikuwa wamepanga kila kitu isipokuwa jambo moja. Miaka kumi na miwili walisimama wamewapa wanawake mgongo wasijue. Walipogeuka, wakawa uso kwa uso nao.

Wanawake kwenye mabenchi waliona wanaume wote wamegeuka kuwatazama kwa pigo la kwanza la disko. Wapo wanaosema walidhani wanapishwa nafasi. Wapo wanaosema walijua fika, wakaamua kutojua. Mama wa pasi alisimama wa kwanza. Mabenchi yakasukumwa. Mistari miwili ikajipanga, ikawa mitatu, minne, ikapenya katikati ya wanaume mpaka karibu na jukwaa. Kulia, kushoto, geuka, na mwimbaji jukwaani, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaona ukumbi unakwenda.

Wanaume walipatikana. Kugeuka tena ni kumtazama Radi, yaani kushindwa. Kubaki ni kutazama dansi, yaani kushindwa polepole. Kinyozi alikaza macho darini kwa ushujaa, mpaka mama yake mzazi alipompitia mbele, mstari wa pili, mabega yanacheza. Akafumba macho. Wengine walianza kusogea, mguu mmoja kwanza, kama mtu anayejaribu maji. Wengine walitoka nje kwa hasira, na hao hawakurudi tena. Si haki kuwacheka, walikuwa wamependa kitu na kitu hicho kilikuwa kinakufa mbele yao.

Lakini Radi alikuwa anatazama pahali pamoja tu. Wifi yake alikuwa anaongoza mistari, hatua tatu mbele ya mume wake, uso unang'aa. Radi aliuona uso huo juu ya bega la Kaka. Wa Kaka hakuuona. Akamwona wifi ananyoosha mkono. Akaurudia ubeti uleule mara mbili, kwa kuogopa kwamba akibadilisha kitu mkono ule utashuka. Kaka hakuushika. Mkono ukangoja, ukarudi kwenye dansi yake, na wifi akaendelea kucheza. Kisogo cha Kaka hakikusogea, si wimbo huo, si uliofuata, mpaka onyesho likaisha.

Watu walipotoka, jua lilikuwa bado limo kwenye madirisha ya juu. Radi alikuwa anatembea jukwaani kwenda na kurudi. Kaka alipanda, akaanza kukunja nyaya, kiganjani mpaka kiwikoni, kiganjani mpaka kiwikoni. Radi akashika ncha ya pili.

"Tangu lini anacheza?" Kaka akauliza.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga."

"Zamani, Kaka. Mchana, kiwandani. Yeye ndiye anawafundisha wenzake."

Kaka alikunja mizunguko mingine mitatu. "Miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi, zile dakika tatu za gitaa, nilikuwa nampigia yeye. Nilikuwa nafumba macho ili nimwone vizuri."

Radi akavuta waya uliobaki, akamsogezea.

"Leo akaninyooshea mkono," Kaka akasema. "Nikasimama kama nguzo. Bila gitaa sijui mikono yangu inakwenda wapi."

"Rudi, Kaka. Tutapiga vyote. Roki nusu, disko nusu, kinyozi afurahi na mama yake afurahi."

Alitikisa kichwa. "Nimejaribu. Nilifunga mlango wa karakana wiki mbili nzima, najifunza kufagia. Vidole vyangu havitaki. Si kwamba nimekasirika, mdogo wangu. Siwezi."

Hilo lilimuuma Radi kuliko kisogo. Hasira ingepita.

"Basi ndiyo umeniacha," akasema.

"Nitakufungia umeme kila Jumamosi. Halafu nitashuka."

"Unipe kisogo tena?"

"Nitakwenda nyuma. Nitasimama kule kwenye mabenchi. Labda atanyoosha mkono mara ya pili."

Radi alitaka kumwambia kwamba upande wake wa kushoto ni mtupu, kwamba hajui kuingia kwenye wimbo bila ishara yake. Aliutazama uso wa kaka yake, mzee kidogo kuliko mchana ule, akayaacha.

"Ni nne kulia, nne kushoto, halafu unageuka," akasema. "Unaanza na mguu wa kulia."

Kaka akaweka nyaya chini, akafuta viganja kwenye ovaroli. "Taratibu," akasema.

Alikosea ya kwanza. Alikosea ya pili, akaelekea kulia wakati wa kushoto, akatukana kwa sauti ya chini, akaanza upya. Radi akamhesabia, moja, mbili, tatu, nne, huku machozi yanamtoka, na Kaka, aliyekuwa ameikodolea macho miguu yake, hakuona.